Jina Langu Kwenye Mlango wa Dada

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana yangu, bisibisi mkononi, na mwanamke nisiyemjua ananiita mwizi mbele ya mtaa mzima.

Basi bado nimesimama pale pale.

"Umeniharibia cherehani!" alipaza sauti. Ilikuwa begani kwake, imefungwa kwa shuka, na jasho linamtiririka. "Nimekuletea inaruka mishono tu, umenirudishia haishoni kabisa!"

"Mama, mimi leo ndiyo mara ya kwanza kukuona."

"Najua! Wewe hukuwepo. Walikuwepo vijana wako."

"Vijana gani?"

"Wale wawili wenye aproni za buluu."

Nikageuka nikatazama ndani ya karakana yangu. Kuna meza, stuli moja, kabati la vipuri na paka. Na huyo paka si wangu.

"Mama, mimi sina vijana," nikamwambia. "Ingia. Tua mzigo kwanza, matusi yatafuata."

Akatua. Nikafungua shuka, nikainama kuiangalia ile mashine, na hasira ikanipanda hadi utosini. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake. Ndoano inayodaka uzi chini ya sindano ilikuwa imepigwa nyundo. Nyundo, jamani! Cherehani haipigwi nyundo hata ikikutukania mzazi.

"Nani amefanya hivi?"

"Wewe," akasema. "Mama Bobini."

Kwa anayenikuta njiani, nieleze haraka. Mimi ni fundi wa cherehani. Washonaji waliniita Mama Bobini, kwa kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini ya sindano, tangu sijapata hata mtoto, na leo ukiniita jina la kwenye kitambulisho sigeuki. Mlionifuata tangu mwanzo mnajua karakana ilivyofurika maji, na mnajua mume wangu alivyoaga kwamba anakwenda kununua betri ya saa ya ukutani. Saa imesimama mpaka leo.

Haya yote niliyavumilia kwa sababu kazi ilikuwepo. Halafu na kazi ikaanza kupotea.

Siku hizi mshonaji akikwama haulizi jirani. Anaandika kwenye simu "fundi cherehani", anampigia wa kwanza anayetokea. Mimi nilikuwa natokea huko chini kabisa, baada ya duka linalouza cherehani za kuchezea watoto.

Kuna kazi maalumu ya kuufanya mtandao ukutaje wewe kwanza. Wenyewe wanaiita SEO. Nikawa na njia mbili: niisomee, au nimpe mtu anifanyie.

Nilianza kwa kuisomea. Maktaba ilikuwa na darasa la alasiri, na Mwalimu wake alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya chini na subira ya mtu anayetoa uzi uliojinyonga. Siku ya kwanza akasoma tangazo langu: "Tunatoa huduma bora za kiufundi." Akacheka kidogo.

"Mama Bobini, wateja wako wakija wanasemaje? Wanasema wanataka huduma bora?"

"Hapana. Wanasema uzi unakatika. Wanasema inaruka mishono. Wanasema inanguruma."

"Basi andika hayo. Mtu anatafuta tatizo lake kwa maneno yake mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nimechangamka kama msichana wa shule. Nikamsimulia mama, ninayeishi naye. Nikamsimulia na dada yangu, aliyekuja kututembelea.

Dada yangu ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. "Mdogo wangu," akaniambia, "daktari wa meno hajing'oi jino. Wewe kazi yako ni mikono. Utaacha mashine za watu ukakodolee macho kompyuta? Mimi ninamjua mtaalamu. Niachie mimi nizungumze naye, wewe shika bisibisi yako."

Nilipima. Darasa lilikuwa linanila alasiri tatu kila wiki. Mtaalamu alikuwa anaijua kazi. Na aliyejitolea kusimamia alikuwa dada yangu, tumbo moja. Ningetafuta nini zaidi?

Nikaacha darasa.

Na kusema kweli, kazi ilifanyika. Mwezi haukwisha, dada akaja na simu yake juu kama kombe la mpira. Mama Bobini, wa kwanza kabisa! Tulicheza pale sebuleni mpaka mama akatuambia tutavunja meza.

Lakini simu ya kazi haikulia. Nilimuuliza dada, akanijibu bila kupepesa jicho: "Mtandao una taratibu zake. Unapanda kwanza, wateja wanafuata." Nami nikasubiri wateja wanifuate.

Haya, turudi kwa mwenye cherehani.

"Mimi nashona sare za shule," akaniambia, sasa sauti imeshuka. "Shule zinafunguliwa. Nina watoto wa watu watakaokwenda uchi. Nilitafuta mtandaoni ukatokea wewe. Tazama."

Akanipa simu yake. Ilikuwa picha ya mikono yangu. Mikono yangu hii, na kovu langu la pasi juu ya kidole gumba, imeshika bobini. Chini yake jina langu, na chini ya jina sifa zangu, zilizoandikwa na washonaji ninaowajua kwa sura. "Mama huyu akigusa mashine inatii." "Mwaminifu, hakudanganyi kipuri."

Nikaendelea kushuka. Sifa za karibuni zilikuwa za namna nyingine. "Wameniharibia." "Usiende." "Mama Bobini siye yule tuliyemzoea."

Nikatazama namba ya simu. Haikuwa yangu. Nikatazama ramani. Ile alama nyekundu haikuwa kwenye kichochoro changu, ilikuwa mtaa wa maduka ya viatu, upande wa pili wa mji.

"Mama, ulienda hapa?" nikamuuliza.

"Ndiko nilikoelekezwa. Leo nilirudi kugomba nikakuta pamefungwa. Muuza viatu wa jirani akaniambia Mama Bobini mwenyewe yuko huku, ndiyo nikaja."

"Naomba nipige simu kwa simu yako."

Ikaita kidogo tu.

"Karibu Mama Bobini, fundi namba moja. Tukusaidie?"

Sauti ile ilinibembeleza nilipougua surua. Sauti ile ndiyo iliyonifundisha kuhesabu. Nilikata simu, nikabaki nimeishika tu mpaka mwenyewe akaninyang'anya taratibu.

"Unamjua?" akaniuliza.

"Ni dada yangu."

Fundi wa Sare akairudisha simu mfukoni. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau: "Pole. Lakini sare zangu je?"

Alikuwa na haki. Ugomvi wa nyumbani kwangu haukumhusu. Nikamwahidi mashine yake itakuwa ya kwanza kushikwa na kwamba itashona. Nikafunga karakana, naye akasema anakuja na mimi, maana na yeye alikuwa na maneno yake ya kusema huko.

Mtaa wa maduka ya viatu hauna kivuli. Tulifika tumelowa. Duka lilikuwa limeshafunguliwa, na juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya, rangi bado inang'aa: MAMA BOBINI – MAKAO MAKUU.

Makao makuu! Kwa hiyo mimi nilikuwa tawi.

Dada alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kioo, miwani kichwani. Vijana wawili wa aproni za buluu walikuwa wameinamia mashine, mmoja ameshika nyundo. Kwenye kona, kikombe cha chai mkononi, alikaa kijana ambaye nilihisi ndiye yule Mtaalamu wa dada.

Dada aliponiona hakushtuka. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu akikuibia, angalau ashtuke.

"Umewahi," akasema. "Nilitaka nikwambie wiki ijayo, mambo yakishakaa sawa."

"Mambo gani hayo yakae sawa?"

"Usipaze sauti, kuna wateja."

"Wateja wa nani?"

"Mdogo wangu, kaa chini."

"Sikai! Nijibu. Wateja wa nani hawa?"

Yule Mtaalamu akasimama, kikombe bado mkononi. "Habari za leo, mama."

"Nzuri nitaitoa wapi? Wewe ndiye uliyebadilisha namba yangu?"

"Mama, mimi niliambiwa biashara ni ya familia. Aliyekuwa anakuja ofisini ni dada yako. Wewe sikuwahi kukuona."

"Namba nani alikwambia uibadilishe?"

"Dada yako."

"Na ramani?"

"Dada yako." Akaweka kikombe chini. "Mama, samahani, lakini na wewe ni fundi. Mtu akikuletea cherehani, unamuuliza ni ya nani?"

Kweli, siulizi. Nikatamani kumchukia yule kijana na nikashindwa, na hilo likanizidishia hasira kwa mwenzake.

"Nirudishie," nikamwambia dada. "Leo hii. Mwambie arudishe namba yangu na ramani yangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Jina halipo kwangu." Akashusha miwani akaivaa, kana kwamba anataka kuniona vizuri. "Mimi napokea simu tu. Mwenye umiliki ni mtu mwingine, na huyo, mdogo wangu, hutamshtaki. Nakujua."

"Ni nani?"

"Mwulize huyo Mwalimu wako wa maktaba. Si ulikuwa unasoma?"

Mtaalamu alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ili jina liwe la mtu, mtandao hupiga simu ya kazi na kusoma namba za siri. Simu yako ilipigwa. Mtu akapokea, namba zikaletwa. Mimi nilidhani ni wewe."

"Sikupokea simu kama hiyo mimi."

"Basi kuna aliyepokea."

"Nyamaza wewe!" dada akamkemea.

Fundi wa Sare, aliyekuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, akaona zamu yake imefika. Akawageukia wateja waliokuwa benchini na kuwaambia kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watoto wa shule: "Hawa wanatumia nyundo. Mwenye akili achukue mashine yake."

Mmoja akachukua. Wengine walibaki wanatutazama kama sinema. Nikatoka nje, nikashika njia ya maktaba.

Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi langu lilinijua tangu nikiwa na nepi, na lilikuwa limebakiza mifupa.

Mwalimu nilimkuta maktaba anafuta ubao. Darasa lilikuwa limekwisha. Aliponiona akatabasamu, kisha akaniangalia usoni na tabasamu likaondoka.

"Mama Bobini. Nilidhani umeshafuzu mahali."

"Nimefuzu kuibiwa," nikamjibu, nikajitupa kwenye kiti. Nikamweleza yote. Nilitegemea aniambie ningebaki darasani. Nilistahili.

Hakusema. "Kumpa mtu kazi si kosa," akasema. "Watu wengi wanaajiri na mambo yanakwenda. Lakini hata ukiajiri mlinzi, ufunguo wa nyumba unalala kwako."

Akawasha kompyuta, akaufungua ukurasa wangu. Pale chini ya picha ya mikono yangu palikuwa na maneno madogo ambayo sijawahi kuyaona: Omba umiliki.

"Ukibonyeza hapa, mwenye nalo atapata ujumbe. Akikubali, jina linarudi kwako lote, na sifa zako, na ramani. Utarudisha namba yako mwenyewe."

"Akikataa?"

"Kuna njia ndefu ya kulalamika. Inachukua muda."

"Muda nilionao ni mdogo, Mwalimu. Kila siku mtu mmoja anaandika kwamba Mama Bobini ni muongo. Nikilipata jina baada ya miezi litakuwa limeshaoza. Na bila jina nafunga karakana, sina kingine."

"Naelewa."

"Basi bonyeza."

Akanisogezea kompyuta. "Bonyeza mwenyewe, mama. Umeshabonyezewa vya kutosha."

Nikabonyeza. Ukurasa mwingine ukafunguka, ukaniambia ombi linatumwa kwa mmiliki. Anwani yake ya barua pepe ilikuwa imefichwa kwa nyota, zimeachwa herufi mbili za mwanzo na tarakimu mbili za mwisho. Mwanzo: bi. Mwisho: 52.

Mwalimu akaniuliza kama nina ninayemhisi.

Sikuwa nahisi. Nilikuwa najua. Anwani ile niliifungua mimi, kwa mkono wangu, ili mwenyewe apate kuongea na wajukuu wakiwa mbali. Bibi wa wajukuu, na mwaka aliozaliwa.

Ilikuwa ya mama.

Njiani nilikuwa na hoja moja tu ya kujifariji: mama amedanganywa. Mama macho yana mtoto wa jicho, anaona vivuli, anasubiri kufanyiwa upasuaji. Dada amemtumia kwa sababu anajua siwezi kumfikisha mama yangu mzazi popote. Mama hajui hata mtandao ni kitu cha kuliwa au cha kuvaliwa. Nilishamwandalia msamaha wake tayari.

Na kuna jingine nililolifikiria, nalisema kwa kuwa hapa nimeahidi kuwaambia ukweli. Neno la siri la ile anwani nalijua. Nililiweka mwenyewe. Ningeweza kusimama kando ya ukuta wowote, nikaingia kwenye anwani ya mama, nikabonyeza Kubali kwa niaba yake, na jioni ile ile nikawa na jina langu.

Sikufanya hivyo. Nilisema mimi siibi kwa mama. Acha waibe wao.

Nilimkuta sebuleni anakunja nguo. Hazioni vizuri, anazijua kwa kupapasa. Blauzi yangu ilikuwa mapajani kwake, anaikunja mikono ndani kama anavyofanya tangu tukiwa watoto.

"Umerudi mapema," akasema. "Kazi hakuna leo?"

"Mama, ile siku ya mapumziko niliyokwenda msibani, simu ya kazi ulikuwa nayo wewe, sivyo?"

Simu ile siku za mapumziko hubaki nyumbani, naye huipokea na kuwaambia watu waje kesho yake. Anaipenda kazi hiyo.

"Nilikuwa nayo."

"Alipiga mtu gani?"

"Mtu asiye na adabu. Hasalimii. Anasoma namba tu kama anaita wagonjwa dirishani. Dada yako alikuwa hapa, nikawa nazirudia, yeye anaandika."

Nikashusha pumzi. Nilimwendea nikapiga magoti mbele yake. "Mama, hukujua ni za nini. Dada alikudanganya."

Mikono yake ikasimama juu ya blauzi.

"Hakunidanganya," akasema. "Aliniambia."

Sikuelewa. Nawaambieni, masikio yalisikia, kichwa kikakataa.

"Alikwambia nini?"

"Kwamba jina litakaa kwangu, lisiwe lake wala lako. Simu ziende kwake kwanza mpaka asimame. Akisimama, atakurudishia."

"Na mimi, mama?"

"Wewe umesimama."

"Nimesimama wapi? Kila jioni nakaa kwenye kiti hicho nakwambia karakana imekufa! Unanishika mkono unaniambia nivute subira! Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naumia."

"Uliumia ukanyamaza! Nilicheza hapa, mama. Nilicheza na dada hapa hapa sebuleni, na wewe unatuambia tusivunje meza."

Machozi yalimtoka bila sauti. Hakuyafuta. Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa kujitetea, na siku hiyo nilitamani ajitetee, aseme uongo wowote nimwamini.

"Dada yako ameanguka," akasema. "Duka lilikufa. Ndoa ikafa. Akaanza tena, ikafa tena. Safari hii nilimkuta jikoni anaongea peke yake na bomba la maji linamwagika. Wewe karakana yako ilipofurika, kesho yake ulikuwa unaanika skrubu juani. Mumeo alipoondoka, siku hiyo hiyo ulimtengenezea jirani mashine. Nilikuona. Wewe, mwanangu, hata ukivuliwa nguo utashona nyingine. Mwenzako akianguka tena, hanyanyuki."

"Kwa hiyo kosa langu ni kwamba ninanyanyuka?"

"Sikusema ni kosa."

"Basi ni nini, mama? Kila nikinyanyuka ndiyo mnaona mahali pa kunitwika?"

Hapo nikagundua kwamba dada aliponiibia nilikasirika, lakini hili halikuwa hasira. Hili lilikuwa linauma mahali ambapo sikujua nina mahali. Nimepewa sumu na mkono ulionilisha, na mkono wenyewe ulidhani unanisifu.

Nikainuka nikaenda kabatini, nikachukua simu yake ya kioo, ambayo hukaa imezimwa mpaka tumuwashie. Nikaiwasha. Haikuchelewa. Ikalia.

"Ni nini hiyo?" akauliza. "Nisomee."

Mimi ndiye ninayemsomea mama kila kitu. Ujumbe wa wajukuu. Karatasi za hospitali. Kila asubuhi namsomea chupa ya dawa ya macho na chupa ya dawa ya masikio, maana zinafanana, na yeye anainua uso bila kuuliza mara mbili.

Nikamsomea, neno kwa neno. Kwamba kuna mtu anaomba umiliki wa Mama Bobini. Kwamba mmiliki achague. Kubali, au Kataa.

"Mtu huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

Akainamisha kichwa. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Nikikubali, dada yako itakuwaje?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema kweli: "Atafunga."

"Na nikikataa?"

"Nitafunga mimi."

Akaiweka blauzi kando, nikaanza kutumaini. Namjua mama yangu. Alikuwa anatupima, mmoja kila mkono, kama alivyotupima tangu tumezaliwa.

"Wewe utafungua kwingine," akasema hatimaye. "Yeye hawezi."

"Mama."

"Nisamehe. Utakuja kunisamehe, wewe una moyo." Akanyoosha mkono akaipapasa ile simu, kidole kikitafuta juu ya kioo asichokiona. "Vya kubonyeza vipo vingapi hapa?"

"Viwili."

"Nionyeshe Kataa ni kipi. Nibonyeze mwenyewe, usije ukabeba na dhambi hii."

Nikaviangalia vyote viwili, Kubali na Kataa, vimekaa jirani.

"Nionyeshe, mwanangu," akarudia, kwa upole ule ule wa asubuhi, uso ameuinua kuelekea kwangu. "Wewe hujawahi kunidanganya."

Nikakishika kidole chake.